Xie Lingyun na Milima Yake: Ushairi wa Mandhari wa China Ulitoka Wapi

Karibu na mwaka 430, liwali wa Linhai, wilaya ya pwani kusini mashariki mwa China, aliletewa habari iliyomtoa jasho. Mamia ya watu walikuwa wanashuka kutoka milimani, wanakata miti, wanafyeka njia pasipokuwa na njia, na walikuwa wanaelekea kwake. Liwali huyo, Wang Xiu, akaamini ni majambazi. Roho ilimtulia alipojulishwa kwamba ni Xie Lingyun anatembea. Bwana mkubwa alikuwa ametoka nyumbani kwake Shining, akatamani kuona milima ya kusini, na kwa kuwa njia haikuwepo aliamuru ichongwe. Akamwalika Wang Xiu waendelee pamoja. Wang Xiu akakataa, na Xie akamwandikia maneno ya kumtania: mwenye nchi anaiona ardhi yake ina hatari, mpita njia ndiye anayeona kupanda milima ni kazi nyepesi.

Mtu huyu ndiye wahakiki wa China wanayemhesabu kuwa baba wa ushairi wa shanshui, yaani wa "milima na maji". Ukisikia mshairi wa mandhari wa China ya kale, pengine unamwona mzee mpole amekaa peke yake chini ya msonobari, hana shida na mtu. Xie hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa tajiri, mwenye majivuno, mgomvi, mtoro kazini, na alikufa kwa kukatwa kichwa sokoni kwa kosa la uasi. Wengi wakimwelezea humgawa vipande viwili: mashairi yake mazuri huku, maisha yake mabaya kule. Mimi naona mgawanyo huo unaficha jambo lenyewe. Ushairi ule ulizaliwa na ukoo, ardhi, cheo alichokikosa na dini aliyoishika, vyote vikiwa vimesokotana.

Tuanze na ukoo. Mwaka 311 mji mkuu wa Luoyang ulitekwa na majeshi ya watu wa kaskazini, na mwaka 316 Chang'an nayo ikaanguka. Nasaba ya Jin ikahamia kusini ya mto Yangtze na kuweka makao Jiankang, mji ambao leo ni Nanjing. Koo kubwa zilihama nayo, na watumishi wao na vitabu vyao, zikajitwalia ardhi katika nchi ya milima, mvua na misitu ambayo mababu zao hawakuijua. Miongoni mwa koo hizo, majina mawili yalisimama juu ya mengine: Wang na Xie. Mwaka 383 mtawala wa kaskazini, Fu Jian, alipoteremka na jeshi kubwa ili kuimeza kusini, aliyemshinda kwenye mto Fei ni Xie Xuan, jemadari wa ukoo huo. Miaka miwili baadaye, mwaka 385, Xie Xuan alipata mjukuu. Mjukuu huyo ni Lingyun.

Baba wa Lingyun inasemekana hakuwa mwerevu, na historia rasmi ya nasaba imehifadhi mshangao wa babu: mimi nilimzaa huyu, lakini huyu amewezaje kumzaa Lingyun? Mtoto alipelekwa kulelewa Qiantang, Hangzhou ya leo, katika nyumba ya wafuasi wa Tao, dini ya asili ya China, akakaa huko mpaka akiwa na miaka kama 15. Ndiyo maana jina lake la utani lilikuwa "Mtoto Mgeni". Aliporudi kwao alirithi cheo cha babu yake, Bwana wa Kangle, pamoja na mapato ya kaya nyingi. Alivaa nguo za kifahari, akabuni mitindo yake mwenyewe, na watu wakamwiga.

Kisha mwaka 420 jemadari Liu Yu, mtu aliyekulia katika umaskini na kupanda kwa upanga, aliiondoa nasaba ya Jin na kuanzisha nasaba yake, Song. Makabaila wa zamani waliachiwa heshima, ila madaraka waliyokuwa nayo yakaondoka. Xie aliteremshwa daraja moja na kubakiwa na kaya 500. Serikali mpya ilimpa kazi za uandishi na mapambo ya ikulu, naye alijiona mtu wa kushauri mambo makubwa ya dola. Kinyongo hicho hakikumtoka maisha yake yote. Na hakuwa mtu wa kuonewa huruma kirahisi: kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa kazi moja kwa kumuua mfuasi wake aliyetembea na suria wake, na maiti akaitupa mtoni.

Alijisogeza karibu na mtoto mmoja wa Liu Yu, mwanamfalme aliyependa fasihi. Liu Yu alipofariki mwaka 422, mawaziri walioshika hatamu hawakumtaka mwanamfalme huyo wala marafiki zake. Xie akapelekwa kuwa liwali wa Yongjia, sehemu inayoitwa leo Wenzhou katika jimbo la Zhejiang. Kwenye karatasi kilikuwa cheo. Kwa kweli kilikuwa kifungo cha mbali, ufukweni mwa bahari, nyuma ya milima.

Huko ndiko ushairi wake ulikofunguka. Kazi za liwali, kesi na malalamiko ya wananchi, hakuzishughulikia. Aliondoka akazunguka wilaya yake yote, siku kumi na zaidi bila kurudi, na kila alipofika aliandika. Baada ya mwaka mmoja akajitangaza mgonjwa, akaacha kazi.

Ili kuelewa alichokileta, sharti tujue kilichokuwepo. Kwa karibu karne nzima kabla yake, wasomi wa kusini walipenda ushairi wa falsafa, wa kuyazungusha mawazo ya Laozi na Zhuangzi, wanafalsafa wa kale wa Tao. Milima ilitajwa, lakini kama ishara: mlima ni utulivu, mto ni mabadiliko, basi. Xie aliingia katika korongo fulani saa fulani, akaandika jiwe lilivyo na maji yanavyolizunguka. Nchi ile ya kusini haikuwa na maneno yake katika mashairi ya zamani, ambayo mengi yalitokana na tambarare za kaskazini. Ilibidi ayatafute. Mhakiki Liu Xie, aliyeandika karibu mwaka 500, alilisema badiliko hilo kwa ufupi: Zhuangzi na Laozi waliaga, ndipo milima na maji yakastawi. Alitia chumvi kidogo, kwa sababu Zhuangzi na Laozi hawakuondoka. Walihamia mwisho wa shairi, kama tutakavyoona.

Tulitazame shairi moja kwa karibu. Linaitwa "Kupanda Ghorofa ya Kando ya Bwawa", nalo aliliandika Yongjia katika majira ya kuchipua ya mwaka 423. Lina mistari 22, na kila mstari una mizani tano, kwa maana kila herufi ya Kichina ni silabi moja. Vina viko mwisho wa mistari shufwa. Mistari inakwenda miwilimiwili, na katika kila jozi maneno yanatazamana: nomino mbele ya nomino, kitenzi mbele ya kitenzi, kilicho juu mbele ya kilicho chini. Xie aliupenda mtindo huu kuliko wote waliomtangulia. Karibu kila jozi yake imekaa hivyo.

Shairi linaanza na joka lililojificha majini na bata bukini anayelia juu angani. Mshairi anaona aibu mbele ya wote wawili. Anayeruka amefanikiwa kuruka, anayezama amefanikiwa kuzama, yeye hakuweza hili wala lile: kupanda cheo, akili yake haikutosha, kurudi kulima, nguvu hazipo. Amefuata mshahara mpaka ncha ya bahari, na sasa anaumwa, amelala akitazama msitu mtupu. Blanketi na mto vimempotezea hesabu ya majira. Anafunua pazia, achungulie kidogo tu. Anatega sikio, anasikia mawimbi. Anainua macho, anaona miinuko ya mawe. Jua jipya limeufukuza upepo uliosalia wa baridi. Kisha inakuja jozi hii:

Ukingoni mwa bwawa nyasi za majira mapya zimeota,
kwenye mierebi ya bustani ndege waliao wamebadilika.

Hiyo ndiyo mistari yake mashuhuri kuliko yote, na msomaji wa mara ya kwanza huuliza: basi, ni hiyo tu? Ndiyo. Nyasi zimeota, ndege ni wengine. Lakini angalia imekaa wapi. Kabla yake kuna mistari 14 iliyojaa majoka, dokezo za vitabu vya kale, aibu na ugonjwa. Mtu huyu msomi, ambaye hawezi kusema neno bila kutaja kitabu, anafunua pazia, na kwa mara moja anaona kitu ambacho hakitoki kitabuni. Majira yamepita akiwa kitandani. Kwenye Kichina ni mierebi inayobadilisha ndege: hakusema ndege walikuja na wengine wakaenda, miti yenyewe ndiyo iliyofanya kazi hiyo wakati yeye amelala. Mshairi Yuan Haowen, aliyeishi miaka 800 baadaye, aliandika kwamba herufi tano za nyasi zile ni mpya kwa milele.

Xie mwenyewe, inasimuliwa, alidai kuwa hakuitunga. Alikuwa amekwama siku nzima, akasinzia, akamwota binamu yake mdogo Xie Huilian, na alipozinduka mstari ulikuwa mdomoni. Kuna neno la mbingu hapa, alisema, si langu. Kisa hiki kilipokelewa kwa furaha, naona kwa sababu kiliwaeleza watu kile walichokihisi wenyewe: mshairi mwenye kuchonga kila neno, hapa hakuchonga.

Baada ya jozi hiyo shairi linarudi vitabuni. Linataja nyimbo za kale za huzuni, linalalamika kuwa kukaa mbali na wenzako siku haziishi, halafu linafunga kwa kujipa moyo: kushika msimamo si jambo la watu wa kale peke yao, na asiyehuzunika kwa kujitenga na dunia yupo hata leo. Maneno hayo yanatoka katika Yijing, kitabu cha kale cha ubashiri na hekima, na joka lililojificha la mstari wa kwanza linatoka humo humo. Wahakiki wengi wamekiita kipande hiki cha mwisho mkia wa falsafa, wakatamani angeukata. Mimi sikubaliani nao. Anayesema "sina huzuni" baada ya mistari 20 ya huzuni hatoi falsafa iliyokomaa. Anajishawishi, na msomaji anamsikia akishindwa. Ukiukata mkia huo unabaki na picha nzuri ya bwawa na mierebi, na aliyekuwa akiitazama ameondoka.

Alipoacha kazi mwaka 423 alirudi Shining, kwenye milki ya babu yake, si mbali na Shaoxing ya leo. Ukisikia "alijitenga milimani", usidhani kibanda cha nyasi. Aliandika utenzi mrefu wa nathari yenye vina juu ya makazi yake ya milimani, akauwekea maelezo yake mwenyewe chini ya mistari, na humo anaorodhesha vilima, mashamba, matunda, samaki, mianzi, dawa za miti, kama mtu anayehesabu mali na kusali kwa wakati mmoja. Wafuasi wake walikuwa mamia. Historia rasmi inasema alichimba milima na kuzibua maziwa, na kazi ya wale watu haikuwa na mwisho. Shairi lake jipya likifika mji mkuu, wakubwa kwa wadogo waligombania kulinakili, na baada ya usiku mmoja mji mzima unalo.

Kwa kupanda miinuko alivaa mitalawanda ya kupandia mlima yenye meno yanayochomoka: wakati wa kupanda alitoa meno ya mbele, wakati wa kushuka akatoa ya nyuma, mguu ukabaki sawa. Karne tatu baadaye Li Bai, mshairi mkubwa wa enzi ya Tang, alijivika mitalawanda ya Bwana Xie katika shairi lake la kuota mlima Tianmu, na hakuna msomaji wa China aliyehitaji kuelezwa.

Dini nayo haikuwa pambo kwake. Mwaka 413 aliandika maandishi ya kumsifu Buda kwa ombi la watu wa mtawa Huiyuan wa mlima Lu, na baadaye alishirikiana na watawa Huiyan na Huiguan kunyoosha lugha ya tafsiri ya Sutra ya Nirvana, kitabu kitakatifu cha Kibuda. Pia aliandika mjadala wa kumtetea mtawa Daosheng, aliyefundisha kwamba kuelimika hakuji kwa vipande. Hoja ni hii: ukweli haugawanyiki, kwa hiyo haiwezekani kuupata robo leo na robo kesho, unaupata wote mara moja au hujaupata. Mafunzo ya kila siku yanakuandaa, hayakufikishi. Soma mashairi yake ukiwa na hoja hiyo kichwani utaona safari zake zina mpangilio gani. Kwanza njia, kwa taabu na kwa undani: alipoondoka, alipopotea, mkondo uliompinda. Halafu, ghafla, kitu kinaonekana.

Shairi la kurudi ziwani kutoka kwenye chumba chake cha ibada pale Jabali la Jiwe linaonyesha hivyo vizuri:

Jioni na alfajiri hewa inabadilika,
milima na maji imebeba nuru safi.
Nuru safi humfurahisha mtu,
msafiri ametulia, amesahau kurudi.

Mwisho wa mstari wa pili unaanzisha wa tatu, kwa namna ya pindu. Baadaye anasema alitoka bondeni jua lingali changa, na alipoingia mashuani mwanga ulikuwa umefifia: siku nzima imepita kati ya mistari miwili. Misitu na mabonde yanakusanya rangi ya giza, mawingu yanakunja wekundu wa jioni. Vitenzi hivyo ni vya mtu anayeondoa vyombo baada ya karamu. Hakuna aliyeandika machweo hivyo kabla yake kwa Kichina.

Mwaka 426 Kaisari Wen, mtoto wa Liu Yu, alimwita tena Jiankang. Alimpa maktaba ya ufalme na kazi ya kuandika historia ya Jin. Kaisari alimpenda, akaziita mashairi na hati ya mkono wake "hazina mbili". Xie alitaka siasa, akapewa sifa. Basi akafanya mgomo wa kimya: historia hakuimaliza, akawatumia wafanyakazi wa serikali kumchimbia mabwawa na kumpandia mianzi, akatoka mjini kutembea siku kumi bila ruhusa wala taarifa. Mwaka 428 aliruhusiwa kwenda nyumbani, kwa lugha ya adabu.

Kilichomwangusha ni ziwa. Liwali wa Kuaiji, Meng Yi, alikuwa mcha dini sana, na Xie alikuwa amemkejeli kuwa wewe utazaliwa mbinguni kabla yangu, lakini kuwa Buda utakuwa baada yangu. Meng Yi hakusahau. Xie alipoomba kukausha ziwa moja mashariki ya mji ili apate mashamba, Kaisari aliagiza wilaya ilitekeleze, lakini Meng Yi alikataa, kwa kuwa wananchi walilitegemea kwa samaki na mazao ya majini. Xie akaomba ziwa la pili, akakataliwa tena. Akasema Meng Yi hajali watu, anawahurumia samaki tu kwa ajili ya dini yake. Hapa, niseme wazi, haki ilikuwa ya liwali. Mshairi wa milima na maji alitaka kuyaondoa maji ili apande mpunga, na waliokuwa wakila kutoka ziwani hawamo katika shairi lake hata moja.

Meng Yi akamshtaki kwa kupanga uasi. Xie alikimbilia Jiankang kujitetea, na Kaisari akajua ni uzushi, ila hakumrudisha nyumbani. Alimpeleka Linchuan, katika Jiangxi ya leo, awe liwali. Huko akarudia yale ya Yongjia. Walipokuja kumkamata, akamkamata ofisa aliyetumwa na kukusanya watu wenye silaha. Aliandika beti zinazowataja Zifang na Lu Lian, mashujaa wa kale waliowapinga wavamizi, akidai yeye ni mtiifu wa Jin. Jin ilikuwa imekufa zaidi ya miaka kumi, na muda wote huo alikuwa amekula mshahara wa Song.

Alihukumiwa kifo. Kaisari akamwachia roho yake kwa heshima ya babu aliyeshinda mtoni Fei, akampeleka uhamishoni Guangzhou. Huko yakaja mashtaka mengine, kwamba amewalipa watu wamtoroshe njiani. Mwaka 433 aliuawa hadharani sokoni, akiwa na miaka 49 kwa hesabu ya Kichina.

Kitabu cha visa vya enzi ya Tang kinasimulia kwamba alikuwa na ndevu nzuri, na kabla ya kuuawa alizitoa kwa hekalu la huko kusini ziwekwe kwenye sanamu ya Vimalakirti, tajiri wa hadithi za Kibuda aliyekuwa na hekima kuliko watawa bila kuacha mali yake. Watawa walizitunza kwa karne mbili na ushei. Kisha binti mfalme Anle, akitaka kushinda mchezo wa sikukuu wa kushindanisha majani adimu, alimtuma mpanda farasi azichukue, na zilizobaki akaziharibu ili mwingine asizipate.

Sifa zake zimepanda na kushuka. Karne ya 6 ilipoanza, mhakiki Zhong Rong alipowapanga washairi katika madaraja matatu, alimweka Xie la kwanza, ingawa alilalamika kwamba ana magugu mengi. Tao Yuanming, aliyeishi wakati mmoja na Xie na kulima shamba lake kwa mkono wake, aliwekwa la pili. Enzi ya Song ya baadaye iligeuza mizani, hasa mshairi Su Shi, aliyempenda Tao kiasi cha kumjibu shairi kwa shairi. Tangu hapo Tao amekuwa kipenzi cha wasomaji, na Xie husomwa zaidi na washairi. Sababu si ngumu kuiona. Tao ni rahisi kumpenda, na Kichina chake ni chepesi. Xie ana maneno mazito na tabia ya kuchosha. Lakini Wang Wei na Meng Haoran, waliokuja enzi ya Tang na ambao leo majina yao ndiyo yanayotangulia ushairi wa mandhari ukitajwa, walijifunza kwake jinsi ya kuweka mlima mbele ya maji ndani ya mizani kumi. Utulivu wao ni wao. Jozi ile ni ya Xie.